Dereva Hayupo

Tarehe 2 Machi, Jumatatu

Daktari wa mishipa ya fahamu amesema niandike. Si habari zangu, ni za uso wa mke wangu: lini jicho limefumba, lini shavu limecheza, lini chai haikumwagika. Anasema wagonjwa husahau walikotoka wakakata tamaa, kumbe wamesogea. Basi nimetoa kabatini shajara niliyopewa na kampuni nilipostaafu, yenye picha ya lori kwenye jalada, na naandika. Leo jicho la kushoto halifumbi. Shavu la kushoto limelala. Mdomo umevutwa kulia.

Mvua imeanza.

Tarehe 4 Machi

Jicho vilevile. Anakunywa chai kwa mrija. Kioo cha kabati amekifunika kwa taulo.

Tarehe 8 Machi, Jumapili

Kitinda amepiga. Ndiye mtoto wetu wa mwisho, na jina hilo halijamtoka mpaka leo ana mume na mimba ya miezi saba huko ughaibuni. Mama yake alikuwa na tiketi ya kwenda kumlea akijifungua, mpaka asubuhi ile alipoamka uso umehama. Tumemwambia mtoto ukweli, kwamba ni mshipa wa uso tu, si kiharusi, na kwamba utarudi wenyewe. Yeye hatuamini. Anamsikia mama yake anavyotamka maneno, kama mtu mwenye pamba mdomoni, naye yaliyobaki anajijazia mwenyewe.

"Baba, nionyeshe mama," akasema.

Simu zetu sisi ni za vitufe. Tunaongea naye kwa kompyuta aliyotuachia, ile yenye boksi chini ya meza na kijicho cha kamera kilichobanwa juu ya skrini. Sisi tunamwona vizuri. Yeye kwetu anaona giza. Mwishoni mwa mwezi uliopita kompyuta ilikaa siku nzima ikijisasisha bila kuombwa na mtu, na ilipomaliza, kamera ilikuwa maiti.

"Mkunga anasema presha yangu inapanda," Kitinda akasema. "Nikifumba macho namwona mama yuko kitandani hajiwezi. Bora nione lililopo."

Nikamwahidi atamwona mama yake kabla hajajifungua. Mke wangu alikuwa ameketi ubavuni kwangu, mtandio umepanda hadi chini ya jicho.

"Kamera ikipona, sawa," akasema.

Tarehe 9 Machi

Nimempelekea boksi na kamera yake fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyuma ya duka la dawa. Mtaani wanamwita Fundi Taratibu, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Nimelibeba kifuani kama mtoto mchanga, limefungwa mfuko wa taka, mvua inaniingia shingoni.

Akafungua ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote vya kompyuta. Penye kamera palikuwa na pembetatu ya manjano yenye alama ya mshangao. Hiyo tunajuana. Nimeiweka nyuma ya lori lililokufa mara nyingi kuliko nilivyoweka kichwa kwenye mto wa nyumbani kwangu.

"Haina dereva," Fundi akasema.

"Mimi hapa."

Hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba kila kifaa kina programu yake ndogo ya kukiongoza, na hiyo ndiyo inaitwa dereva. Pasipo hiyo, kompyuta inajua kwamba kuna kitu kimechomekwa lakini haijui kukiendesha. Sasisho lilifuta dereva ya zamani na kuweka mpya isiyoelewana na kamera yetu. Akaniambia nirudi Jumamosi, aitafute inayofaa.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, "Tatizo ni dogo. Dereva hayupo."

"Haipo," akasema. "Hayupo ni mtu."

Alikuwa mhazili kazi yake yote. Uso umepooza, sarufi haijapooza.

Tarehe 14 Machi, Jumamosi

Kamera imepona. Fundi aliichomeka mbele yangu, nikamwona kwenye skrini mzee mmoja aliyechoka, mashavu yameingia, nikataka kumpa kiti akae. Nimerudi nyumbani, nimeunganisha nyaya zote, imewaka. Mke wangu alisimama mlangoni, pembeni, pale kamera isipofika.

"Nimefurahi," akasema.

Uso: shavu bado.

Tarehe 15 Machi, Jumapili

Giza. Kitinda ametupigia, tukamwona tumbo hilo, yeye kaona giza. Nilifungua ule ukurasa wa vifaa kama Fundi alivyonionyesha, kamera haimo kabisa. Si pembetatu, si jina. Mtoto akasema si kitu, wiki ijayo. Sauti yake ilisema ni kitu.

Baada ya maongezi nikazima kompyuta, nikawasha tena. Kamera hiyo, inawaka, inanitazama. Haina haya.

Tarehe 17 Machi

Mazoezi ya uso. Apandishe nyusi, ajaze mashavu upepo, apige mluzi. Mluzi unatoka hewa tupu. Nami nafanya naye ili asijione peke yake, tunakaa mezani tumevimbisha mashavu, wazee wawili wazima.

Tarehe 18 Machi

Mvua. Sina la kuandika.

Tarehe 19 Machi

Nimejaribu mwenyewe. Nimesoma mahali kwamba dereva zinapakuliwa bure, nikaingia ukurasa wenye vitufe vingi vya kijani, kila kimoja kinasema PAKUA. Nikabonyeza kikubwa kuliko vyote. Sasa kompyuta inapiga kelele kila mara kwamba iko hatarini na kwamba yeye tu, huyo niliyempakua, ndiye awezaye kuiokoa. Mke wangu alikuwa anapita na beseni. Nikamweleza kwa upole, nikamwonyesha na kipanya, "Hiki ndicho kinachoendesha mshale." Akaniangalia kwa jicho lake zima. Akasema, "Alaa."

Mganga hajigangi. Dereva kashindwa na dereva.

Tarehe 22 Machi, Jumapili

Giza tena. Asubuhi nilijaribu ikawaka. Mchana nikajaribu ikawaka. Kitinda akapiga, ikafa.

Mtoto alilia. Hakutaka tumwone, akageuza uso. Mume wake akachukua nafasi, akaniuliza kwa adabu nyingi, "Baba, mama yupo kweli?" Mke wangu akasema kwa sauti yake ile, "Nipo, mwanangu, nipo hapa." Kijana akajikohoza.

Tarehe 23 Machi

Nimemgombeza Fundi mbele ya wateja wake. Nimemwita mwizi wa mchana. Nimemwambia kwamba nilipokuwa barabarani niliwajua mafundi wa aina yake, wanaofungua boliti moja na kulegeza nyingine ili urudi. Aliendelea kupuliza vumbi kwenye feni ya mtu.

"Taratibu, mzee," akasema. "Lete boksi tuangalie."

Nikasema sileti. Nimerudi nimelowa. Mke wangu akanikausha kichwa kwa taulo, akaniuliza kulikoni. Nilipomwambia aliacha kunikausha.

"Usimtukane mtu wa watu," akasema.

"Kwani unamjua?"

Alikwenda kuanika taulo.

Tarehe 29 Machi, Jumapili

Paa linavuja juu ya meza ya kompyuta. Nimeweka sufuria. Nimeihamisha meza. Nikajiambia ni unyevu, unaingia kwenye nyaya, ndiyo maana inawaka na kuzima. Nimezifuta nyaya zote kwa kitambaa kikavu. Kitinda akapiga. Giza.

Miguu yake imevimba. Mkunga kamwambia apumzike, asiwe na mawazo. Mwambie mtu asiwe na mawazo uone.

Tarehe 1 Aprili

Nyusi ya kushoto imecheza! Kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali. Nilipotaka kuandika akanishika mkono, akasema subiri, usije ukaandika ikaondoka. Nimeandika kwa siri jikoni.

Tarehe 5 Aprili, Jumapili

Leo kamera imo kwenye orodha, jina lake lipo, pembetatu hakuna, na bado giza. Nimezima na kuwasha mara nyingi. Safari hii haikurudi hata baada ya maongezi. Kitinda ameongea na mama yake kuhusu nguo za mtoto, kwa ufupi, kama mtu anayezungumza na afisa. Mimi nimechoka. Nimechoka na mvua, nimechoka kuosha vyombo na kukanda shavu na kuweka plasta kwenye jicho kila tukilala, nimechoka kumwambia mwanangu wiki ijayo. Nilipoendesha lori, likigoma nilijua pa kutia mkono. Hapa sina pa kutia mkono.

Tarehe 6 Aprili

Nimemeza kiburi, nikabeba boksi na kamera. Fundi hakunikumbusha maneno yangu. Alifungua ule ukurasa, akavaa miwani, akaisogeza pua karibu na skrini.

"Mzee, unaona hiki?"

Juu ya jina la kamera kulikuwa na kishale kidogo sana, kinaelekeza chini. Nilidhani ni uchafu wa skrini.

"Hii haijaharibika," akasema. "Dereva ipo, nzima. Imezimwa. Mtu ameingia hapa, akabonyeza, akachagua kuizima, na kompyuta ikamuuliza una hakika, akajibu ndiyo."

"Si lile sasisho?"

"Sasisho halijibu ndiyo."

Akaiwasha kwa mibonyezo miwili. Nyumbani kwangu tunaishi wawili. Nimetembea na boksi mvuani, na sikumbuki njia niliyopita.

Tarehe 7 Aprili

Sikusema.

Tarehe 8 Aprili

Sikusema. Nyusi inacheza vizuri zaidi.

Tarehe 10 Aprili

Nilijifanya nasinzia kwenye kochi. Alikuja akaketi kwenye kompyuta kumwandikia dada yake. Vidole kumi vyote vinafanya kazi, macho yake hayapo kwenye kibodi, yapo dirishani kwenye mvua. Mimi naandika kwa kidole kimoja na ulimi nje. Nilimwoa mtu huyu nikamwacha nyumbani nikaenda safari, nikirudi nalala, nikiamka naondoka. Mshahara wake niliujua. Kazi yake sikuijua.

Tarehe 12 Aprili, Jumapili

Kabla Kitinda hajapiga, niliangalia kamera. Inawaka. Tukaketi. Mke wangu akasema, "Niletee miwani yangu, nadhani iko chumbani." Nilikwenda. Miwani ilikuwa juu ya kitanda, imewekwa vizuri, mahali pa kuonekana lakini mbali. Niliporudi nilifungua ule ukurasa wa vifaa: kishale kilikuwa pale, na kipanya kilikuwa na joto la mkono.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa nikangoja simu iishe. Kitinda alisema wamempangia kulazwa mwisho wa mwezi kwa sababu ya presha. Akasema, "Baba, uliniahidi." Nikasema nakumbuka. Skrini ilipozimika sikusimama.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana.

"Tangu lini?"

"Tangu uliporudi nayo kwa Fundi mara ya kwanza. Mwanzo nilikuwa naiondoa dereva tu. Lakini ukizima na kuwasha, kompyuta inairudisha yenyewe. Ndiyo nikaona bora kuizima." Aliniambia hivyo kama anayenieleza namna ya kupiga pasi kola ya shati.

"Nani kakufundisha?"

"Mashine zilipoletwa ofisini, ofisi nzima niliifundisha mimi. Na huyo Fundi wako alikuwa tarishi wetu, mashine yake ya kwanza aliishika mezani kwangu. Wewe ulidhani nakwenda kule kuchemsha chai?"

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia yote. Kwamba nimebeba boksi lile mvuani kama punda. Kwamba nimemtukana mtu asiye na kosa, na yeye akijua hana kosa akanikausha kichwa. Kwamba mtoto wetu analia na damu yake inapanda, na dawa yake ni kumwona mama yake tu, na mama yake anambania. Nilisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilijuta lilipotoka. Aliweka mkono mdomoni kama anavyofanya siku hizi, mdomo usionekane unavyokwenda upande.

"Ningekuambia sitaki kuonwa, ungekubali?" akauliza.

"Ningekusihi."

"Ndiyo hivyo. Ungenisihi wewe, angenisihi Kitinda, angenisihi mkwe, na dada yangu angeletwa kunisihi. Kompyuta ikisema hapana, hakuna anayeisihi."

Nilikunja waya wa kipanya, nikaukunjua.

"Wewe unaniona kila siku, umeshazoea," akasema. "Yeye ana sura ya mama yake kichwani. Nikimwonyesha hii, ile inaondoka. Hata uso ukirudi, ile haitarudi. Kila akinifikiria ataona hii. Na akiwa na uchungu, akiwa peke yake kule, mimi ndiye atakayemfikiria."

"Na sasa anafikiria nini?"

"Najua. Unadhani sijui?" Akashusha mkono. "Miaka yote watu wakigonga mlango nilijibu, dereva hayupo, yuko safari. Hakuna aliyekuuliza ulikuwa unaonekanaje huko. Mimi nilikuwa hapa, naonwa asubuhi na jioni, na wakuu wa idara, na majirani, na watoto. Niache nisionwe kidogo."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nimekuwa nikiubeba wa kwake kana kwamba ndani yake mna pamba. Nilihesabu chai, mirija, plasta. Aibu sikuihesabu, kwa sababu haikuwa usoni mwangu.

Nikamwambia sitaiwasha tena kamera bila ruhusa yake. Akasema ahsante. Kisha akasema kwamba ile programu ya kupiga kelele niliyoipakua alishaiondoa siku ileile.

Tarehe 13 Aprili

Nimekwenda kumwomba radhi Fundi. Mbele ya wateja, kama nilivyomtukana. Nilimwambia kosa lilikuwa nyumbani kwangu.

"Najua, mzee," akasema. "Msalimie mama."

Nimemwuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema yeye ni fundi wa kompyuta, si wa nyumba za watu.

Tarehe 19 Aprili, Jumapili

Nimemdanganya mwanangu kwa kinywa changu. Nimesema dereva bado haijapatikana. Mwanzo nilikuwa namwambia hivyo nikiamini. Leo nimejua uzito wake. Akasema, "Haya baba." Hakulia. Mke wangu alishika ukingo wa meza muda wote.

Jicho la kushoto linafumba nusu. Mdomo bado.

Tarehe 22 Aprili

Mvua usiku na mchana. Hatusemezani sana. Si ugomvi.

Tarehe 24 Aprili

Mkwe amepiga kwenye simu ya vitufe. Presha imepanda ghafla, wamemkimbiza hospitali, watamfanyia upasuaji. Laini ikakatika. Mke wangu alivaa viatu, akaketi navyo kitandani. Hakuna pa kwenda, lakini amevaa viatu.

Tarehe 25 Aprili

Hakuna habari. Tumekaa karibu na simu. Nimempikia uji, ukapoa. Aliniambia, "Kama angeniona, labda." Nikamwambia asiseme hivyo. Lakini nami nilikuwa nimeliwaza, na alijua nimeliwaza.

Mchana mkwe ametuma maneno mawili tu, kwamba wako hai. Wako. Tumelisoma neno hilo mara nyingi, tukitaka kuhakikisha ni wengi.

Tarehe 28 Aprili, Jumanne

Kitinda amepiga kutoka hospitali kupitia simu ya mumewe. Tulikimbilia kompyuta, mimi nikagonga goti kwenye meza. Akatokea, amelala, midomo imekauka, nywele hovyo. Kifuani ana kifurushi.

Hakuuliza habari za kamera. Nadhani alikuwa amechoka kuuliza, na mimi najua uchovu huo. Akamwinua mtoto, akamgeuza atutazame. Mtoto wa kike. Kakunja sura kama aliyedaiwa.

"Mwanangu," Kitinda akamwambia, "pale gizani yuko babu, na yuko bibi. Wasalimie."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anautazama ule uso mdogo, na mtandio wake ulikuwa unapanda na kushuka kwa pumzi.

"Huyu hajawahi kuniona," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Hajawahi."

"Hana cha kulinganisha."

"Hana."

"Sogea."

Nikasogea. Alivuta kiti, akashika kipanya. Ukurasa wa vifaa, jina la kamera, mbonyezo, mbonyezo. Kazi iliyonichukua mimi msimu mzima wa mvua aliimaliza kabla sijaketi vizuri. Kitaa kidogo cha kamera kikawaka kijani. Kisha akafungua mtandio, akauvua wote, akauweka mapajani.

Niliona macho ya Kitinda yakipita kwenye uso wa mama yake polepole, kwenye jicho lisilofumba sawasawa, kwenye shavu, kwenye mdomo, yakarudi tena juu. Mke wangu hakuinamisha kichwa. Mikono yake aliishika pamoja mezani. Sikuigusa.

"Mama," Kitinda akasema mwishowe, "mbona umekonda hivyo?"

"Niache mimi. Huyo mtoto mbona hajavalishwa soksi?"

"Nimemvalisha, amezitupa."

"Mvalishe tena. Na kichwa kishike, mwanangu, kishike kwa kiganja, si kwa vidole. Ndiyo hivyo. Mlete karibu nimwone."

Kitinda akamleta karibu, na mama yake akaleta uso wake karibu vilevile, mpaka skrini nzima ikawa ni sura mbili zinatazamana. Mtoto alipiga mwayo. Mimi nikasema naenda kuinjika chai. Nimesimama jikoni nikalia, nikiwasikia wanabishana kuhusu soksi, na sufuria hata sikuitia maji.